Utando wa Manjano wa Fahali

Jumatatu, 9 Oktoba 1989

Naandika kwa sababu watu wa Kianjai ni waongo. Leo saa mbili asubuhi, pale kichinjioni, mimi Muthamia niliinua nusu nzima ya nyuma ya fahali mwekundu nikaitundika kwenye ndoano peke yangu. Saa nne Runji, ambaye tunafanya kazi naye na ambaye hajawahi kunisifu tangu azaliwe, alikuwa ameshawaambia wanawake wanaouza ndizi pale nje kwamba tuliinua watatu. Watatu! Yeye alikuwa ameshika mkia. Ndipo nikanunua daftari hili la kurasa tisini na sita, ukweli upate mahali pa kulala.

Nilisoma mpaka darasa la sita. Ningeendelea, lakini mwalimu aliona mimi ndiye namfundisha yeye, nikaacha kwa ajili ya heshima yake.

Kuna jambo lingine dogo. Nikiwa nimeinua, nilisikia kitu kinachanika kinenani, upande wa kulia, kama leso kuukuu. Hakikuuma. Naandika tu.

10 Oktoba

Mvua ya kwanza. Mke wangu Kiende amepanda maharagwe upande wa chini. Mimi nilitabiri mvua hii tangu Agosti, lakini nani anasikiliza.

12 Oktoba

Nilipokuwa naoga niliona uvimbe. Uko pale pale palipochanika, ukubwa wake kama yai la kuku aliyeanza kutaga juzi. Nikilala chali unaingia ndani wenyewe. Nikisimama na kukohoa unatoka. Nimeupa jina: Mgeni.

Sina wasiwasi. Habari za tumbo mimi sisomewi na mtu. Miaka ishirini na mbili nafungua matumbo ya ng'ombe. Burale, yule Mborana anayetuletea mifugo kwa lori kutoka Isiolo, hukata shingo kwa jina la Mungu wake ili hata Waislamu wa mji wa Maua wapate kula, halafu kutoka hapo kazi yote ni yangu. Najua kitu ambacho mkulima wa kawaida hajui. Chini ya ngozi ya fahali kuna utando wa manjano, mnene, unaovutika kama mpira. Umefunika tumbo lote. Ukiuvuta, na wenyewe unakuvuta. Huo ndio unaobeba yale matumbo yote yasimwagike chini. Kwa hiyo Mgeni atatembea mpaka afike kwenye utando wangu, apige hodi, akose mlango, arudi kwao.

13 Oktoba

Mvua. Ngozi hazikauki. Mgeni alitoka, Mgeni alirudi.

Jumamosi, 14 Oktoba

Kathure amekuja. Huyu ni binti ya dada yangu Karwirwa, anasomea utabibu, na muhula huu wamepelekwa kufanya mazoezi hospitalini Meru mjini. Ni msichana mwembamba mwenye kitabu kizito kuliko yeye. Siku zote nimemwona kama mtoto wa kutumwa chumvi.

Alisimama mlangoni pa kichinjio na viatu vyake vyeupe.

"Mjomba, nataka kuona tumbo."

"La nani?"

"La ng'ombe. Kwenye kitabu naona mistari tu. Mwalimu anasema ukuta wa tumbo una misuli mitatu ubavuni, imelaliana. Mimi naona mmoja. Mtihani wa kwanza nilianguka."

"Ulianguka kwa sababu hukuja kwa mjomba wako."

"Ndio nimekuja sasa. Usinitangazie soko zima."

Runji akacheka. "Mwonyeshe, Profesa. Lakini mfunge aproni, hivyo viatu ni vya kanisa."

Nikamwonyesha. Kwanza nilimkataza kisu. Mchunaji wa kweli anachuna kwa ngumi: unaingiza mkono kati ya ngozi na nyama, unasukuma, na ngozi inaachia bila tundu. Nikamwambia misuli nayo ni hivyo hivyo. Usiikate, itenganishe kwa kidole. Akasitasita. Akaingiza kidole. Nikaona macho yake yanafunguka.

"Mjomba! Unaachia!"

Ule wa nje ukatoka kama shuka. Nyuzi zake zinatoka mbavuni zinateremka kuelekea kinenani. Chini yake wa kati, nyuzi zake zinatoka nyongani na kupanda, zinazikata zile za kwanza kama msalaba. Chini kabisa wa ndani, huo hauteremki wala haupandi, unazunguka kutoka mgongoni kuja mbele kama mshipi. Nikamwambia ni kama plaiwudi: kila ubao umelala kinyume cha mwenzake, ndio sababu haipasuki. Akasema hilo halimo kitabuni. Nikasema bila shaka halimo.

Halafu nikamwonyesha mikanda miwili ya mbele inayonyooka kutoka kifuani mpaka mfupa wa chini, na katikati yake ule mstari mweupe ambapo ile misuli yote ya ubavuni inakuja kushikana mikono. Hapo hakuna nyama, hakuna damu. Hapo ndipo mimi napitisha kisu siku zote. Yeye akasema na daktari wa upasuaji hupita hapo hapo. Nilifurahi. Kumbe daktari ni mwenzangu.

"Na hii ya manjano, Mjomba?"

"Hiyo ndiyo mwenye nyumba. Hiyo ndiyo inayobeba kila kitu. Iandike ya kwanza."

"Mtu naye anayo?"

"Mtu asipokuwa nayo atatembeaje?"

"Kitabuni sijaiona."

"Kitabu kimeandikwa na wazungu. Wamekula siagi sana, yao imeyeyuka."

Akaiandika. Nilimwona kwa macho yangu akiiandika, na kuipigia mstari.

17 Oktoba

Mvua. Mgeni alitoka mara mbili, akarudi mara mbili.

20 Oktoba

Maharagwe yameota vizuri. Ng'ombe wawili, kondoo mmoja. Mgeni sasa anatoka hata nikicheka, na Burale alikuja leo na hadithi ya askari wa barabarani aliyekaguliwa na mbuzi, kwa hiyo nilipata taabu.

23 Oktoba

Nimekata tyubu ya baiskeli na kujifunga chini ya suruali, kwa nguvu. Kiende aliuliza tyubu imeenda wapi. Nikamwambia kuna mtu wa Kangeta ameazima. Mtu wa Kangeta hayuko, lakini ni mtu mzuri, nitamtumia tena.

28 Oktoba

Mzee wa kanisa letu, Naftaly, amekuja na habari. Paa la kanisa litakamilika, na Jumamosi kabla ya Krismasi kutakuwa na karamu, mafahali wanne. Akauliza nani ataongoza kazi. Runji akasema, "Tuwaachie vijana, Muthamia siku hizi anatembea kama anabeba maji." Watu wakacheka. Nikamwambia Naftaly wale wanne nitawatundika mwenyewe, na nikimaliza nimtundike Runji awe wa tano.

Nimeahidi mbele ya watu. Nitafanya. Kwetu neno la mwanamume halirudi likishatoka.

31 Oktoba

Mvua kubwa. Mgeni alitoka, Mgeni alirudi, lakini alichelewa.

Jumamosi, 4 Novemba

Kathure alikuja leo bila kusalimia, akatupa karatasi juu ya meza ya Kiende.

"Mjomba, umenifanya ng'ombe."

Ilikuwa karatasi ya mtihani. Misuli yote mitatu alipata. Plaiwudi, mwalimu aliandika "vizuri" pembeni. Mstari mweupe, alipata. Lakini mwanzo kabisa ameandika kwamba chini ya ngozi ya binadamu kuna utando wa manjano unaobeba tumbo, na hapo kalamu nyekundu imepita kama imechapa.

"Aliisoma mbele ya darasa," akasema. "Wavulana wananiita Ng'ombe tangu Jumatano. Nikipita wanafanya mooo."

"Mwalimu wako amefungua watu wangapi?"

"Wengi, Mjomba. Wengi! Binadamu hana. Ni ya wanyama wa miguu minne wanaokula majani, matumbo yao yananing'inia chini. Sisi tumesimama. Mbele tuna utando mweupe tu, na pale kinenani hata huo una tundu."

"Tundu gani?"

Akatazama pembeni kwa adabu. "Ile kamba inayoshuka kwenda kwa uanaume. Mtoto akiwa tumboni mwa mama inapita ukutani, na njia yake inabaki. Hapo ndipo ukuta wa mwanamume ni dhaifu. Akiinua mzigo mzito unaweza kuachia, utumbo ukasukuma ukatoka. Inaitwa mshipa wa ngiri."

Nilikaa. Kiende alikuwa jikoni, nashukuru.

"Kuna mtu wa Kangeta," nikasema, "ana kitu kama hicho. Kinatoka, kinarudi."

"Kikirudi bado ana bahati. Siku kitakapokataa kurudi, utumbo umekabwa shingo. Damu haifiki. Ana saa chache tu. Mwambie aende hospitali wamshone, Mjomba, ni kazi ndogo."

"Nitamwambia. Ni mkaidi."

"Mwambie ana watoto."

Akaondoka. Mimi nilienda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikaweka mkono chini ya tyubu. Miaka ishirini na mbili nimejiamini kwa sababu ya kitu ambacho ni cha fahali. Hapo ndani hakuna mwenye nyumba. Ni mimi na plaiwudi yenye tundu.

5 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimekaa nafikiri, na nitaandika sababu ya kutokwenda hospitali, maana mtu asije akasema naogopa.

Ni hii. Mimi nimefungua matumbo elfu, labda elfu tano. Hakuna hata moja lililofungika tena.

8 Novemba

Mvua. Mgeni alitoka, alirudi. Nilimsukuma kwa mkono.

11 Novemba

Kathure alikuja kusoma tena. Nilidhani ameniacha. Aliniambia, "Umekosea moja, Mjomba, lakini umepata nne. Hata mwalimu wangu hakunipa nne." Nikamchunia ubavu wa ng'ombe polepole. Mara hii nilimwuliza maswali, na yeye akajibu. Sasa namwona ana mikono. Sijui kwa nini sikuona mikono hiyo zamani. Anashika nyama kama anamwamsha mtu.

Akauliza, "Yule mtu wa Kangeta alienda?"

Nikasema anajiandaa.

15 Novemba

Mvua. Barabara ya juu imekatika. Mgeni alitoka, alirudi baada ya dakika kumi.

19 Novemba

Runji aliniona nimeegemea ukuta. "Baba Mukiri, una nini?" Mara ya kwanza kuniita jina la mwanangu, kwa heshima. Ilinitia hofu kuliko matusi yake. Nikamwambia nasikiliza kama ukuta una nyufa.

22 Novemba

Mvua. Alitoka, alirudi. Nilitokwa jasho.

25 Novemba

Alitoka. Alirudi.

Ijumaa, 1 Desemba. Hospitalini, Meru

Sasa naandika yote, na Kathure ndiye aliyeniletea daftari. Kama alisoma nyuma hajasema.

Jumatatu ile, tarehe 27, saa tatu asubuhi, Burale alileta mafahali wawili na mbuzi wachache. Nilimfungua wa kwanza bila shida. Wa pili nikamwinua. Sijui kwa nini sikumwita Runji. Najua. Kulikuwa na wanawake wa ndizi wanatazama.

Mgeni alitoka akiwa na mizigo yake yote. Tyubu ilikatika, nilisikia ikinichapa paja. Nililala chali juu ya gunia nikamsukuma. Alikuwa mgumu kama jiwe. Nikasukuma tena, nikaona nyota mchana. Nikangoja. Nikamwomba. Mimi, Muthamia, nilimwomba uvimbe msamaha. Saa nne nilianza kutapika, na yaliyotoka yalikuwa machungu na ya kijani, na tumbo likaanza kujaa kama ngoma.

Runji alipiga magoti. "Ni nini? Sema, mtu wangu!"

Nikamwonyesha. Hapo kila mtu kichinjioni aliona, na hakuna aliyecheka, hata mmoja.

Burale hakungoja. Aliwashusha mbuzi waliobaki barabarani, akatandika magunia nyuma ya lori, wakanibeba juu ya mlango waliong'oa kibandani. Ilichukua zaidi ya saa mbili kwa matope. Kila shimo Burale alipiga kelele kutoka mbele, "Pole mzee! Pole mzee!" mpaka nikatamani akose pole moja tu, nijue hakuna shimo. Runji alikaa kando yangu ameshika kichwa changu kisigonge. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli.

Hospitalini Kathure alikuja mbio na sare yake. Alinitazama mara moja.

"Mtu wa Kangeta," akasema.



Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo. Akagusa, akasema nifunguliwe mara moja, akaleta karatasi ya kutia sahihi. Nikakataa.

"Mjomba, weka sahihi."

"Sifunguliwi."

"Kwa nini?"

"Nimefungua elfu tano, Kathure. Niambie moja tu lililofungwa."

Aliinama karibu na sikio langu, akaongea Kimeru, polepole, kama mama yake alivyokuwa akiongea nami nikiwa mdogo na homa. "Wewe unafungua upate nyama. Huyu anafungua apate kufunga. Na nikuulize wewe, mtu wa matumbo. Umewahi kufungua ng'ombe aliyejipinda utumbo?"

Nimewahi. Mwaka wa sabini na tisa, fahali wa Kangeta aliyekufa amelala. Nilipopitisha kisu kwenye mstari mweupe, utumbo ulikuwa mweusi kama viazi vilivyooza, na harufu yake ilinifuata nyumbani siku tatu. Tulimzika mzima. Hata mbwa hatukuwapa.

"Ulikuwa rangi gani?" akauliza.

"Mweusi."

"Wako bado si mweusi. Pengine saa moja, pengine mbili. Sijui. Na wewe hujui. Anayeweza kujua ni huyu, akifungua."

Niliitazama mikono yake. Nikaomba kalamu.

Walinichoma sindano mgongoni, miguu ikaondoka kama imeenda soko bila mimi, lakini kichwa kikabaki. Wakaweka pazia la kijani kifuani nisione chini. Kathure alisimama kichwani kwangu, upande huu wa pazia. Mpwa haangalii mwili wa mjomba wake, na daktari alielewa, hakumwita ng'ambo. Badala yake alisema kutoka kule:

"Haya, msichana. Wewe huoni, lakini unajua. Nimepita ngozi. Kinafuata nini?"

"Mafuta, Daktari."

"Halafu?"

"Utando mwembamba, chini ya mafuta."

"Nimeupita. Halafu?"

Kathure akanyamaza.

Nililala pale chini ya kidevu chake nikimtazama. Ulimi wangu ulikuwa tayari. Miaka ishirini na mbili ya ng'ombe ilikuwa imesimama mdomoni mwangu inataka kusema "wa manjano." Naapa mbele ya Mungu, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kuinua fahali si kitu. Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu.

"Mweupe," akasema. "Utando mweupe wa msuli wa nje. Nyuzi zake zinateremka kuelekea kinenani. Unang'aa."

"Unang'aa," daktari akasema. "Naufungua. Sasa niko njiani mwa ile kamba. Juu yangu nini?"

"Msuli wa kati, umejikunja kama upinde. Nyuma yake wa ndani. Na sakafu ni utando mwembamba, hapo ndipo palipoachia."

"Pameachia kabisa. Na mfuko huu?"

"Ni utando wa ndani kabisa wa tumbo, Daktari. Umesukumwa nje na utumbo."

"Naupasua."

Nikasikia vyuma. Halafu daktari akasema neno ambalo nililijua kabla halijafika.

"Zambarau. Leteni maji ya uvuguvugu na kitambaa. Tungoje."

Najua rangi, watu wangu. Zambarau iko kati ya nyekundu na nyeusi, na barabara yake ni moja. Hapo ndipo nililia. Sikulia kwa adabu, machozi mawili matatu. Nililia na kamasi, nikaita mama yangu ambaye tulimzika mwaka wa sitini na tano, nikamshika Kathure mkono mpaka leo una alama. Nikamwambia nilidanganya, mtu wa Kangeta ni mimi. Akasema, "Najua, Mjomba. Nilijua tangu siku ile." Akanipangusa pua na shuka la serikali.

"Bado," daktari akasema. Akangoja. "Bado."

Halafu: "Angalieni hapa. Unarudi."

"Rangi gani?" Nilipiga kelele mimi, mgonjwa.

"Kama ulimi wa mtoto, mzee. Ni mzima. Naurudisha ndani."

Akashona. Kathure alinieleza kila hatua, huku daktari akimsikiliza: wameshika msuli wa kati na wa ndani pamoja, wanaishona na kano ngumu ya kinena kwa uzi wa nailoni, wanafunga sakafu. Kisha utando mweupe juu yake. Kisha ngozi.

Tumbo limefungika. Nimehesabu nyuzi, ni tisa.

3 Desemba

Napewa uji. Mtu wa kitanda cha pili anakoroma kama lori. Daktari amesema miezi mitatu nisiinue chochote kizito kuliko sufuria ya chai.

5 Desemba

Nyumbani. Kiende alinikemea tangu lango mpaka kitandani, halafu akachinja jogoo. Mvua imepungua.

9 Desemba

Nilienda kichinjioni kwa fimbo. Watu walinizunguka, na nikawaeleza. Labda niliongeza kidogo. Niliwaambia daktari aliponifungua nilikuwa naimba wimbo wa kanisa, beti zote nne. Kwamba alipopotea njia nilimwelekeza, "Daktari, pinda kulia." Kwamba sikuhisi chochote, nikataka kushika kisu mwenyewe. Wanawake wa ndizi walipiga vigelegele. Naftaly akasema nina moyo wa simba.

12 Desemba

Kathure amepita mtihani wa mwisho wa muhula. Alituma barua. Jina la Ng'ombe bado wanamwita, lakini sasa wanamwomba awafundishe.

14 Desemba

Nimemwambia Naftaly kwamba mafahali wa karamu atawatundika Runji pamoja na watu watatu, na mimi nitakaa kwenye kiti nikielekeza. Nilidhani neno hilo litanikaba. Lilipita. Runji alitazama chini, akasema, "Kiti nitakutafutia kizuri."

Jumamosi, 16 Desemba

Mtu mmoja wa kichinjioni amekuja nyumbani mchana, Kiende akiwa shambani anang'oa maharagwe. Jina lake sitaliandika. Kiende anajua ninapoficha daftari, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nina habari ambayo haitatoka.

Alikunywa chai kikombe kizima. Halafu akasema yeye pia anacho. Miaka mitatu sasa. Kinatoka, kinarudi. Hata mkewe hajui, huwa anazima taa kwanza. Nikamwuliza kinarudi upesi au kinachelewa. Akasema siku hizi kinachelewa.

"Basi nenda," nikamwambia. "Nenda Jumatatu."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Wewe uliweza kwa sababu wewe ni wewe. Uliimba. Beti nne. Ulimwelekeza daktari. Mimi nikifikiria tu ile meza, nageuza njia. Mimi si kama wewe, Muthamia. Nitaaibika mbele ya wale watoto wa hospitali. Afadhali nikae nacho hivi hivi."

Nilitaka kucheka nikaona hachezi. Alikuwa ameshika kikombe kitupu kwa mikono yote miwili. Nikaelewa nilichofanya. Nimemjengea ukuta kwa mdomo wangu, na huo hauna tundu hata moja.

Nikainuka nikafunga mlango.

"Sikuimba," nikasema.

"Unasema nini?"

"Nililia. Nililia kamasi zikaingia sikioni. Nilimwita mama. Nilishika mkono wa mtoto wa dada yangu nikauumiza. Karatasi nilikataa kusaini mpaka msichana alinibembeleza kama ndama. Na kule kuelekeza daktari, nilikuwa nimeuma ulimi nisiseme upumbavu."

Akanigeukia.

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Sindano ya mgongo inauma. Kungoja kunauma zaidi. Kushonwa husikii. Siku ya tatu ukikohoa utaona mbingu na malaika wake. Halafu inaisha."

"Na hukufa."

"Unaniona."

Akaweka kikombe chini. Akafuta uso kwa kofia. Tukapanga: Jumatatu alfajiri, lori la Burale likirudi tupu, mimi nitapanda naye, nitasema ananisindikiza nikatolewe nyuzi. Kathure nitamtumia neno asubuhi.

Mlangoni aligeuka akaniuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini: pale mezani ni heshima mtu alie kwa sauti au polepole?

Nikamwambia alie kwa sauti. Kule ndani kila mtu ana kazi yake: wa kushona ashone, wa kulia alie.